Kusuka Kisa cha Filamu ya Mapenzi na Hatari za Zama za Kati, Hatua kwa Hatua

Filamu za aina hii huharibika mahali pamoja karibu kila mara: skripti moja inabeba visa viwili. Kuna kisa cha wapendanao, na kuna kisa cha upanga, farasi na ngome, navyo hupokezana zamu kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Stelingi anapigana dakika ishirini, anakumbuka kwamba ana mchumba, anamlilia dakika tano, kisha anarudi vitani. Mtazamaji hulihisi hilo hata kama hawezi kulieleza. Sini ya mapenzi ikiingia, anashika simu.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kusuka kisa ambamo jambo moja linafanya kazi zote mbili. Tutaandamana na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, uliotungwa kwa ajili ya somo hili na kuwekwa Uingereza mwaka 1220. Andaa kadi 55 hivi za karatasi ngumu, kila sini kadi yake, penseli, kalenda uliyoichora mwenyewe na ramani. Programu ya kuandikia skripti iache kwanza. Ukianza na mazungumzo ya wahusika, utayapenda, na ukiyapenda utashindwa kuyakata msuko utakapoyakataa.

Hatua ya 1: Tafuta fundo moja

Fundo ni kile kinachowazuia wapendanao wasiwe pamoja. Sharti lake ni kwamba hicho hicho ndicho kimtoe mtu nyumbani na kumtia njiani. Andika sentensi hii na ujaze mapengo: "Fulani na fulani hawawezi kuwa pamoja kwa sababu ya ___, na njia pekee ya kuiondoa sababu hiyo ni kwenda ___." Kama jibu la pengo la kwanza linabadilika katikati ya filamu, bado hujapata fundo.

Kisha pima kwa kufuta. Toa mapenzi yote. Kama safari bado ina sababu ya kufanyika, iwe ni hazina, kiti cha ufalme au kisasi cha baba, basi mapenzi yako ni pambo. Yarudishe mapenzi, utoe safari. Kama wapendanao wangeweza kuimaliza shida yao kwa mazungumzo ya jioni moja, safari ndiyo pambo.

Mfano safi wa fundo moja ni Ladyhawke, filamu ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Richard Donner. Askofu amewalaani wapendanao: mwanamume hugeuka mbwa mwitu usiku, mwanamke hugeuka mwewe mchana. Wako pamoja siku zote na hawaonani kama binadamu. Laana hiyo ndiyo mapenzi yao, ndiyo sababu ya safari, na ndiyo inayoweka siku ya mwisho, kwa kuwa inavunjika pale tu jua linapopatwa.

Uchawi, hata hivyo, si lazima, na kwa mwandishi anayeanza ni mtego, maana anaweza kubadili masharti ya laana kila anapokwama. Sheria za wakati ule zina mafundo magumu kuliko laana, na hazibadiliki ukikwama. Mlezi wa yatima mwenye ardhi alikuwa na haki ya kumwoza, na haki hiyo iliuzwa na kununuliwa. Mwaka 1214 Mfalme John alimdai Geoffrey de Mandeville maki 20,000, fedha za kumfilisi mtu, ili amwoe Isabella wa Gloucester. Mhalifu aliyekimbilia kanisani Uingereza alipata hifadhi hadi siku 40, kisha ilimbidi aape kuihama nchi kupitia bandari aliyopangiwa. Mateka wa vita mwenye cheo alishikiliwa hadi fidia ilipwe. Kila moja ya sheria hizi inaweza kubeba filamu nzima.

Iliyo tajiri kuliko zote ni sheria ya ndoa yenyewe. Kwa mafundisho yaliyothibitishwa na Papa Alexander III katika karne ya 12, ndoa ilifungwa kwa maneno ya wawili wenyewe: "nakupokea kuwa mke wangu," "nakupokea kuwa mume wangu." Haikuhitaji kasisi, wala pete, wala idhini ya mzazi. Ndoa ya siri namna hiyo kanisa liliikemea, lakini liliitambua. Tatizo lilikuja pale mmoja au mtu mwingine alipoikana, kwa kuwa mahakama ya askofu ilitaka mashahidi wawili.

Mfano wetu unaanzia hapo. Matilda ni yatima mwenye mashamba karibu na Lincoln. Ametamkiana ndoa na Adam, mtoto wa mwisho wa naiti, yaani askari wa farasi wa tabaka la juu, ila yeye hana ardhi. Walioshuhudia ni wawili: yaya Edith, na mwashi Thomas aliyekuwa akijenga kikanisa cha nyumba ile. Mlezi wa Matilda, kabaila Gilbert, anataka kumwoza kwa mwanawe. Thomas ameshaondoka kwenda Reims, Ufaransa, ambako kanisa kuu lilikuwa likijengwa upya tangu 1211. Ujaze sasa: Matilda na Adam hawawezi kuwa pamoja kwa sababu ndoa yao haina shahidi wa pili, na njia pekee ni kwenda kumleta Thomas.

Hatua ya 2: Weka siku ya mwisho, kisha pima barabara

Siku ya mwisho iliyobuniwa na adui kwa hasira zake haina nguvu, kwa kuwa adui huyo huyo anaweza kuisogeza. Tafuta tarehe ambayo hata yeye haiwezi. Kalenda ya kanisa inazo nyingi. Harusi hazikufungwa katika Kwaresima, wala katika wiki ya Pasaka hadi ilipokamilika. Mwaka 1220 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 12 Februari na Pasaka tarehe 29 Machi. Kwa hiyo Gilbert, hata awe na pupa kiasi gani, hawezi kuozesha kabla ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili. Adam anaondoka Jumatano ya Majivu. Ana siku 54.

Siku 54 ni nyingi au chache? Usijibu kwa kukisia. Chukua ramani. Lincoln hadi London ni kama kilomita 220, London hadi Dover kama 115, bahari hadi Wissant, bandari ya upande wa Ufaransa, kama 35, na Wissant hadi Reims kama 270. Mtu mwenye afya hutembea kilomita 30 kwa siku, na farasi mmoja wa safari ndefu huenda 45 hivi bila kuchoshwa. Ukimpa Adam farasi kwenda na kurudi, anamaliza kwa mwezi mmoja na filamu inakosa shida. Mnyang'anye basi, kwa hesabu. Anafika Dover kwa farasi siku ya 8. Pepo zinamshika bandarini siku 4, anauza farasi ili alipe chombo, anavuka siku moja, anatembea siku 9. Ameingia Reims siku ya 22. Anatumia siku 2 kumpata Thomas na kumshawishi. Thomas ameumia mguu kwa kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi, kwa hiyo wakirudi wanakwenda kilomita 20 tu kwa siku: siku 14 hadi pwani, moja baharini. Zimebaki siku 15 na kilomita 335. Ni kilomita 22 kila siku, bila kupumzika hata Jumapili, na mzee mwenye mguu mbovu.

Sasa una filamu. Na angalia kwamba hakuna jambazi hata mmoja aliyehitajika ili kuibana ratiba. Majambazi ukiwataka utawaweka, lakini wao watakuwa wanakula siku ambazo mtazamaji anajua hazipo. Wapo waandishi wanaompeleka stelingi nchi ya pili kati ya sini mbili, na kijiji cha tatu wakampa siku nzima ya kucheza ngoma. Mtazamaji hapigi hesabu, lakini anaacha kuhofu.

Hesabu ya saa nayo ni sehemu ya msuko. Mwaka 1220 hakukuwa na saa za mitambo minarani. Siku iligawanywa kwa kengele za sala, na hesabu ilianzia kuchomoza kwa jua: saa ya tatu, ya sita, ya tisa. Mwandishi wa Kiswahili ana bahati hapa, maana saa sita yao ni saa sita yetu ya mchana. Kama kitu lazima kitokee "kabla ya adhuhuri", tumia kengele, isikike mara tatu katika filamu kabla haijawa ya maana.

Hatua ya 3: Mpe kila mtu haki na kazi

Adui asiye na haki yoyote anachosha. Mpe haki ya kisheria na deni. Gilbert ameinunua haki ya kumlea na kumwoza Matilda kwa fedha za kukopa. Mkopo unaiva Pasaka. Hapo hahitaji kuwa katili, anahitaji tu kutokurudi nyuma. Ukatili wake uje baadaye, kidogo kidogo, kila anapobanwa, na kila mara uwe na hesabu ndani yake.

Mpenzi anayebaki nyumbani ndiye anayeua filamu nyingi za aina hii. Anakaa dirishani na kusubiri. Kisingizio huwa ni kwamba "wanawake wa wakati ule hawakuwa na nguvu", na si kweli. Ngome ya Lincoln yenyewe ilikuwa mikononi mwa mwanamke, Nicola de la Haye, aliyeishikilia katika mzingiro hadi vita vya Lincoln vya tarehe 20 Mei 1217, na aliyekuwa amepewa na Mfalme John uliwali wa jimbo hilo mwaka 1216. Mahakama za kanisa nazo zilipokea kesi za ndoa kutoka kwa wanawake. Matilda basi ana kazi yake, na ugumu wake ulingane na wa Adam: shahidi wa kwanza, Edith, ni mzee, mgonjwa, na analala chini ya paa la Gilbert. Adam anamleta shahidi mmoja kutoka mbali. Matilda anamlinda mwingine asife wala asinyamazishwe, hatua kumi kutoka kwa adui.

Mtu wa tatu njiani ni wa lazima, kwa sababu mtu aliye peke yake barabarani hawezi kusema anachofikiri. Nusu ya kwanza ya safari Adam anaweza kuwa na mfanyabiashara wa sufu hadi Dover, na nusu ya pili na Thomas. Usimwongezee rafiki mchekeshaji asiye na kazi katika fundo. Thomas anatosha, ana maumivu yake na anajua kazi ya mawe.

Hatua ya 4: Gawanya kurasa

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Panga kurasa 110. Hii ndiyo mipaka ya mfano wetu, na inafaa filamu nyingi za aina hii kwa tofauti ya kurasa tatu nne:

Ukurasa wa 1 hadi 12: ulimwengu, wawili hawa, na maneno ya ndoa. Yaonekane, yasisimuliwe.
Wa 13 hadi 27: Gilbert anatangaza uchumba, Matilda anaikiri ndoa yake, hakuna anayemwamini, Adam anafukuzwa, anaondoka.
Wa 28 hadi 54: barabara na nyumba, kwa kupishana.
Wa 55 hadi 62: Reims, na kosa.
Wa 63 hadi 87: kurudi. Kila kitu kinabana.
Wa 88 hadi 106: Lincoln, siku mbili za mwisho.
Wa 107 hadi 110: baada ya hapo.

Ukurasa wa 27 ndio unaopitwa zaidi. Skripti nyingi zinafika ukurasa wa 40 stelingi bado yuko kijijini anaagana. Kama umechelewa, tatizo liko kwenye kurasa 12 za mwanzo, ambako umeeleza vita vya zamani, ukoo wa mfalme na ramani. Futa hayo. Mtazamaji anahitaji kujua nani anampenda nani, nani anaishika ardhi, na ndoa inathibitishwaje. Yaliyobaki atayapata njiani.

Hatua ya 5: Andika sini ya maneno kwa uangalifu kuliko zote

Kilele chako kitatoka kwenye sini moja ya mwanzo. Katika mfano huu ni ukurasa wa 10 hadi 12, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Ni jioni ya vuli, kikanisa hakijaezekwa, mvua inaingia. Thomas yuko juu ya ngazi, anapiga patasi. Matilda na Adam wanadhani amezama kazini. Edith yuko mlangoni na taa. Adam anamshika Matilda mkono na kusema haraka, "Nitakupokea kuwa mke wangu." Edith anamkatiza: "Si hivyo, mwanangu. Hiyo ni ahadi ya kesho. Sema ya leo." Patasi inanyamaza. Adam anarudia polepole: "Nakupokea kuwa mke wangu." Matilda anajibu. Patasi inaendelea.

Sheria ya kanisa ilitenganisha kabisa maneno ya wakati ujao na ya wakati uliopo. Ya kwanza ni uchumba, ya pili ni ndoa. Sini hii imemfundisha mtazamaji sheria hiyo bila mtu yeyote kusimama na kueleza, imemweka Thomas kuwa shahidi kwa kunyamaza kwa chombo chake, na imetega swali litakalorudi ukurasa wa 100: mwashi alisikia neno gani?

Yanayoharibu sini kama hii ni mawili. La kwanza ni busu refu na muziki unaofunika maneno, maana maneno ndiyo mali yako. La pili ni kumfanya Thomas aseme "nimesikia". Ukimpa sentensi hiyo umelijibu swali kurasa 90 mapema.

Hatua ya 6: Katikati, stelingi akosee kwa sababu ya mapenzi

Chrétien de Troyes, aliyetunga mashairi ya visa vya manaiti huko Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, alilijua hili vizuri. Naiti wake Yvain anampata mke aliyempigania, anaomba ruhusa ya mwaka mmoja kwenda kwenye mashindano ya silaha, anaisahau siku ya kurudi, na mke anamkataa. Nusu ya pili ya shairi ni kazi ya kumrudisha. Ushindi wa kwanza unakuja mapema, unapotezwa kwa kosa la stelingi mwenyewe, na wa pili unagharimu zaidi. Mpangilio huo umekaa kwenye fasihi hii kwa miaka zaidi ya 800 kwa sababu unalazimisha mapenzi na hatari vikutane ndani ya mtu mmoja.

Kosa lisiwe bahati mbaya. Daraja kuvunjika ni bahati mbaya. Kosa ni kitendo ambacho stelingi angeweza kutokukifanya, na amekifanya kwa sababu anapenda.

Katika mfano wetu, ukurasa wa 45, Matilda anaona Edith anazidiwa. Anaandika barua kwa Adam: fanya haraka. Anamkabidhi karani wa kanisa anayepanda farasi kwenda Ufaransa. Gilbert amemnunua karani. Ukurasa wa 58 Adam, ambaye ametoka kumpata Thomas na kumshawishi, anapokea barua ya uongo: Matilda amekubali kuolewa na mwana wa Gilbert. Karani anaongeza maneno ya dhihaka. Adam anampiga.

Mtaguso wa Pili wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1139, uliamua kwamba anayempiga kasisi au mtawa ametengwa na kanisa papo hapo, na isipokuwa yuko katika hatari ya kufa, ni Papa pekee wa kumwondolea adhabu hiyo. Kinga hiyo ilimfunika hata karani wa namna hii aliyenyolewa utosi. Na aliyetengwa hawezi kufungua madai mahakamani. Kwa konde moja Adam ameipoteza kesi aliyoitembelea wiki tatu, na anaye shahidi mkononi. Amepata alichokitafuta saa ile ile alipopoteza uwezo wa kukitumia.

Angalia mnyororo: hofu ya Matilda ikazaa barua, barua ikampa Gilbert nafasi, wivu wa Adam ukaijibu. Hakuna pete iliyokatika kati ya nyumbani na barabarani. Kama sini zako za katikati zinaweza kupangwa upya bila kitu kuharibika, mnyororo haupo.

Hatua ya 7: Wapendanao wakiwa mbali, pishanisha kwa sababu

Kuanzia ukurasa wa 28 hadi 87 hawa wawili hawaonani. Ni saa nzima ya filamu ya mapenzi bila wapendanao kugusana, na waandishi wengi huingiwa na hofu wakaweka ndoto au kumbukumbu za zamani. Weka moja ukishindwa kabisa. Tatu zinaonyesha kwamba huamini hadithi yako.

Kinachofanya kazi ni hiki: kila sini ya mmoja imalizike kwa kitendo kinachobadilisha hali ya mwingine, hata kama mwingine hajui. Mpe Adam kurasa 3 hivi, Matilda 2 hadi 3, halafu rudi. Adam anauza farasi Dover. Farasi anatambuliwa na mtu wa Gilbert. Gilbert anajua njia aliyopita na anampa karani barua. Matilda, akihisi Edith hatavumilia pale, anamtorosha usiku hadi kwa masista nje ya mji. Gilbert anamfungia chumbani. Kwa hiyo Adam akifika hatampata mtu wa kumfungulia lango. Mtazamaji anawaona wakisaidiana na kuumizana bila kujua, na hapo mapenzi yanakua kuliko ambavyo yangekua kwa mazungumzo.

Wape pia kila mmoja jambo moja la kugundua kuhusu mwenziwe. Thomas anaweza kumwambia Adam njiani kwamba Matilda ndiye aliyemlipa siku ya mwisho kwa mshipi wake wa fedha, ili mwashi aondoke na nauli. Adam hakulijua hilo. Sasa anampenda mtu aliye mkubwa zaidi ya yule aliyemwacha.

Hatua ya 8: Mapigano machache, yenye bei

Mapigano matatu yanatosha filamu ya kurasa 110. Kabla ya kuandika pigano, andika kwenye kadi hali ilivyo kabla na itakavyokuwa baada. Kama zinafanana, pigano hilo ni la kukata.

Bei iendelee kuonekana. Deraya ya pete za chuma ina uzito wa kilo 10 hadi 15; mtu aliyeivaa kutwa anachoka, na akianguka mtoni anazama. Mkono uliokatwa ukurasa wa 70 usiwe mzima ukurasa wa 80. Watazamaji husamehe mengi, ila jeraha lililosahauliwa huwaambia kwamba hata hili la sasa halitahesabiwa.

Pigano la mwisho la Adam lina sharti gumu linalotokana na fundo: hawezi kuua. Damu ya mtu nje ya kanisa ingemfanya mtoro, na Thomas angeonekana shahidi wa muuaji. Kazi yake ni kumpitisha mzee mwenye mguu mbovu kwenye lango, akipokea mapigo kuliko anavyotoa. Pigano la kulinda lina taharuki kubwa kuliko la kushambulia, kwa sababu tunatazama vitu viwili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 9: Kilele kiwe uamuzi mbele ya watu

Harusi za wakati ule zilifanyika mlangoni mwa kanisa, watu wakitazama. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikuwa umeagiza ndoa zitangazwe hadharani kwanza ili mwenye kujua kizuizi aseme, agizo ambalo waliokulia makanisani kwetu wanalisikia hadi leo kila padri anaposoma majina ya wachumba. Na bibi harusi lazima atamke mwenyewe. Ndiyo mahali pekee duniani ambapo Gilbert analazimika kumwacha Matilda aseme mbele ya umma.

Panga hivi. Kengele ya saa ya tatu. Matilda anaulizwa kama anampokea mwana wa Gilbert. Anasema tayari ana mume. Yeye ndiye anayedai, kwa kuwa Adam aliyetengwa hawezi, na hawezi hata kuingia kanisani. Edith analetwa na masista, anathibitisha. Padri anauliza shahidi wa pili. Kimya. Hapo ndipo Thomas anapopenya katikati ya watu, Adam amebaki nje ya ukuta akiwa ameshikwa na watu wa Gilbert, anasikia tu.

Padri anauliza swali ulilolitega ukurasa wa 11: "Kijana alisema nitakupokea, au nakupokea?" Thomas anajibu, "Alisema yote mawili, Padri." Umati unaguna. Gilbert anatabasamu. "La kwanza nilikuwa nikigonga jiwe, sikulijali. Yule mama akamrudisha. La pili nilisimamisha patasi nilisikie." Mara nyingi jibu zuri la kilele huanza kwa kusikika kama kushindwa.

Ukishapata jibu hilo, ondoka haraka. Padri anasimamisha harusi, shauri linakwenda kwa askofu. Kurasa nne za mwisho zionyeshe gharama: hukumu imetoka, ndoa imetambuliwa, Gilbert anadaiwa, na Adam bado ametengwa na njia ya kumfikia Papa ni ndefu. Safari hii wanaondoka wawili. Usiandike hotuba.

Hatua ya 10: Pima kadi

Tandaza kadi 55 sakafuni. Kati ya kila kadi na inayofuata weka neno moja: "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "halafu" peke yake, kadi mojawapo haina kazi. Kata au itafutie sababu ndani ya fundo.

Kisha weka alama mbili za rangi: nyekundu kwa kila kadi inayobadilisha hatari, kijani kwa kila kadi inayobadilisha mapenzi. Kadi nyingi kati ya ukurasa wa 28 na 106 zinatakiwa kuwa na rangi zote mbili. Ukiona nyekundu tupu tano mfululizo, rudi hatua ya 7. Ukiona kijani tupu tatu mfululizo, tazama kalenda yako: kwa kawaida umemsimamisha mtu mahali ambapo siku zake hazimruhusu kusimama.

Mwisho, pitia kadi za vyakula, vitu na sala ukiwa na mwaka wako mkononi. Viazi, nyanya na mahindi havikuwapo Ulaya mwaka 1220. Kwaresima nyama haikuliwa, kwa hiyo karamu ya Gilbert ya ukurasa wa 33 ni ya samaki, au kama ni ya nyama, basi ni tukio, na padri aliyeiona ana sababu ya kutomwamini ukurasa wa 100.